Dhahabu Iliyochelewa Miaka 37

Mwulize Mbulgaria wa rika langu, mtu aliyevuka sitini, akutajie wachezaji wa jimnastiki ya mahadhi wa nchi yake. Hatasita: Maria Gigova, Anelia Ralenkova, Lilia Ignatova, Bianka Panova. Atakusimulia na nani alipewa kumi ngapi, wapi, mwaka gani. Sasa mwulize ni akina nani hasa walioiletea Bulgaria dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huo huo. Atajibu upesi: wale wasichana watano wa Tokyo. Majina yao? Hapo ataomba maji ya kunywa.

Nimewatega hivyo marafiki zangu kadhaa, wanawake wa Sofia na Plovdiv niliosoma nao famasia miaka ya 1980. Mmoja wao alinitajia watatu, wa nne akamchanganya na msichana wa Rio, kisha akanikasirikia kana kwamba kosa ni langu. Basi niwataje mimi hapa hapa: Simona Dyankova, Stefani Kiryakova, Madlen Radukanova, Laura Traets na Erika Zafirova.

Kazi ya mchezaji wa kundi ndivyo ilivyo. Anaingia akiwa na jina lake, anatoka akiwa mmoja wa watano. Historia ya mchezo huu Bulgaria imezoeleka kusimuliwa kupitia malkia wake, mmoja baada ya mwingine, na ni simulizi tamu sana. Ila malkia wote hao, pamoja na mataji yao ya dunia, hakuna aliyerudi nyumbani na dhahabu ya Olimpiki. Iliyoileta ni kundi. Kwa hiyo mimi nasimulia kwa kuanzia upande huo.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: ni jimnastiki inayochezwa kwa muziki juu ya zulia la mita 13 kwa 13, na kwenye Olimpiki huchezwa na wanawake peke yao. Hakuna kuruka juu ya farasi wa mbao wala kuning'inia kwenye vyuma. Kuna kifaa mkononi: kamba, ringi, mpira, virungu viwili au utepe mrefu uliofungwa kwenye kijiti. Anayecheza peke yake hupewa dakika moja na nusu hivi. Kundi hupewa dakika mbili na nusu. Zamani kundi lilikuwa la wasichana sita. Katikati ya miaka ya 1990 wakapunguzwa kuwa watano. Aliyewahi kuona halaiki kwenye sherehe za Mapinduzi pale uwanja wa Amaan, Zanzibar, ameshaona nusu ya jambo hili, yaani miili mingi inayopumua kwa pamoja. Nusu nyingine ndiyo ngumu: halaiki haimpi kila mtoto kitu cha kurusha mita kadhaa hewani, kitu ambacho mwenzake, aliyempa mgongo, anapaswa kukidaka.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Budapest mwaka 1963, ya mtu mmoja mmoja tu. Makundi yaliingizwa Copenhagen mwaka 1967, na Wasovieti wakashinda. Miaka miwili baadaye mashindano yakaja Varna, kwenye mwambao wa Bahari Nyeusi, na hapo Bulgaria ikaonyesha kwamba imekuja kukaa: Maria Gigova akatwaa ubingwa wa dunia kwa wachezaji mmoja mmoja, na kundi la Bulgaria likatwaa ubingwa wa makundi. Havana, 1971, wakarudia yote mawili.

Nyuma yao alikuwepo mwanamke mmoja, Zhulieta Shishmanova. Yeye ndiye aliyemlea Gigova, na yeye ndiye aliyemlea msichana mwingine kutoka Ruse, mji ulio kwenye ukingo wa Danube, aliyeitwa Neshka Robeva. Gigova baadaye akawa rais wa shirikisho la mchezo huo, Robeva akawa kocha wa timu ya taifa kuanzia 1974. Yaani mama mmoja, mabinti wawili, na nyumba nzima ikawa mikononi mwao kwa robo karne. Huu ndio utaratibu wa Bulgaria hadi leo: mchezaji anakuwa kocha, kocha anakuwa jaji au kiongozi, na ujuzi haupiti kwenye vitabu, unapita kwenye ukumbi, mtu kwa mtu.

Utaratibu wa namna hiyo una hatari yake, kwamba watu wachache wanabeba kila kitu. Tarehe 16 Machi 1978, ndege ya shirika la Balkan aina ya Tu-134 iliondoka Sofia kwenda Warszawa. Ilianguka karibu na kijiji cha Gabare, upande wa Vratsa. Watu wote 73 walikufa. Shishmanova alikuwemo, pamoja na wachezaji Albena Petrova, Valentina Kirilova na Sevdalina Popova, na mpiga piano wao. Enzi hizo muziki haukutoka kwenye kanda. Mpiga piano alisafiri na timu kama vile daktari anavyosafiri na timu ya mpira, akakaa pembeni ya zulia, akacheza huku jicho moja liko kwa msichana.

Nilipofika Sofia mwaka 1983 msiba ule ulikuwa na miaka mitano tu. Kwenye mwaka wetu wa kwanza, wa kusoma lugha, mwalimu alitupa kazi ya kuandika habari ya mtu mashuhuri wa Bulgaria. Mimi sikumjua hata mmoja zaidi ya viongozi wa nchi, Dimitrov na Zhivkov. Mwalimu akanipa jina la Shishmanova, akanieleza habari yake akiwa amesimama, mkono juu ya kiti. Nilipata alama ndogo kwa sababu ya sarufi, lakini jina sikulisahau.

Miaka ile Robeva alikuwa kwenye kilele. Wasichana wake waliitwa Wasichana wa Dhahabu, na kweli mataji yalikuwa yakimiminika. Munich 1981, Anelia Ralenkova bingwa wa dunia. Strasbourg 1983, Diliana Georgieva. Kundi nalo likawa bingwa Munich na Strasbourg pia. Robeva alikuwa na namna yake, ambayo Warusi hawakuwa nayo. Warusi walikuwa na mstari mrefu wa baleti, mguu unaoinuka pole pole mpaka ufike sikioni. Robeva alitaka kasi na hatari: kifaa kirushwe kabla mtu hajategemea, kidakwe kwa mguu, kwa mgongo, chini ya goti, na mwili uwe tayari umeshaingia kwenye jambo la pili. Alijulikana pia kwa ukali, na wapo waliopita mikononi mwake ambao baadaye walisema wazi kwamba ukali ule ulipita kiasi.

Mimi ukali huo niliuona kwa upande wa duka la dawa. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, mama wa watoto wa jimnastiki walikuwa wateja wetu wa kila wiki. Walikuja kununua bandeji za kuvutika na marhamu ya kuchua misuli, mtoto mwenyewe amesimama pembeni, nywele zimevutwa nyuma zikafungwa kishungi, shingo ndefu, hana umri wa miaka kumi. Mfamasia mkuu, mama mtu mzima, alikuwa akiwauliza watoto wale, "Umekula, mwanangu?" Watoto walimtazama mama yao kwanza kabla ya kujibu. Sijawahi kuutazama mchezo huu bila swali lile kunirudia, na siwezi kuandika kuhusu uzuri wake nikalificha.

Olimpiki ilikuwa kitu kingine. Mchezo uliingizwa rasmi Los Angeles mwaka 1984, kwa mchezaji mmoja mmoja tu, makundi bado. Mei ya mwaka huo Wasovieti walitangaza kususia, na Bulgaria ikafuata mara moja. Dhahabu ya kwanza ya historia ikachukuliwa na Lori Fung wa Kanada, ambaye Strasbourg mwaka mmoja kabla yake alikuwa wa 23 duniani. Simdharau Fung, alicheza na waliokuja, na alishinda. Ila Sofia kiangazi kile watu walikuwa na uchungu wa aina ambayo haikuruhusiwa kusemwa kwa sauti. Wasichana wa Bulgaria walikuwa bora duniani na walizuiwa na ofisi.

Halafu Septemba 1987, Varna tena. Nilikuwa bwenini Studentski Grad, ukumbi wa televisheni umejaa hadi mlangoni, wanafunzi wa Kibulgaria, Wavietnamu, Waarabu, sisi Waafrika tumebanana dirishani. Bianka Panova alitwaa dhahabu zote zilizokuwepo kwa mchezaji mmoja, na kila alipotoka kwenye zulia alipewa kumi kamili. Watu walipiga kelele hadi wakakauka koo. Zamu ya makundi ilipofika, nusu ya ukumbi ikanyanyuka kwenda kupika kahawa. Nikabaki mimi, wasichana wachache na mlinzi wa bweni, mzee aliyekuwa na mjukuu kwenye mchezo ule. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama kundi. Alisema, usimtazame anayerusha, mtazame atakayedaka, kwa sababu huyo ndiye anayejua kama mwenzake amekosea, na ana nusu sekunde ya kulificha kosa. Nikamtazama adakaye. Kundi la Bulgaria lilikuwa bingwa wa dunia usiku ule, na ukumbini tulikuwa hatuzidi kumi.

Seoul, 1988, Panova akaangusha kirungu na akaishia nafasi ya nne. Marina Lobach wa Muungano wa Kisovieti alipata pointi 60 kamili. Adriana Dunavska wa Bulgaria alipata 59.950, akapewa fedha. Mwaka uliofuata, Novemba, Zhivkov akaondolewa madarakani, na mimi nilikuwa nimeshamaliza masomo na kurudi Tanga. Habari zilizofuata nilizipata kwa barua, kisha kwa simu.

Zilikuwa habari za njaa. Serikali iliyokuwa ikilipia kumbi, makocha, mpiga piano na nauli haikuwa na fedha tena. Makocha walitawanyika. Mchezo huu una kitu kimoja ambacho Wabulgaria hukisema kwa fahari na kwa maumivu kwa wakati mmoja: wamefundisha nusu ya dunia kuwashinda. Mfano mkubwa zaidi ni Emilia Boneva. Huyu alikuwa Mbulgaria aliyechukuliwa na Hispania mwaka 1982, kabla hata ya mambo kuharibika. Alilikuta kundi la Hispania likiwa la kawaida. Mwaka 1991, kwenye mashindano ya dunia huko Athens, likawa bingwa wa dunia.

Kisha ikaja Olimpiki ya 1996, ya kwanza kwa makundi. Mashindano yote yalikuwa Atlanta, lakini jimnastiki ya mahadhi ilipelekwa kwenye mji mdogo wa chuo kikuu ndani ya jimbo la Georgia, nao pia unaitwa Athens. Bulgaria ilifika ikiwa bingwa wa dunia mara mbili mfululizo, Vienna 1995 na Budapest 1996. Wasichana walikuwa Ivelina Taleva, Valentina Kevliyan, Ina Delcheva, Maya Tabakova, Maria Koleva na Vyara Vatashka. Kulikuwa na mazoezi mawili, moja la ringi tano na jingine la mipira mitatu na tepe mbili. Hispania ilipata 38.933. Bulgaria ilipata 38.866. Pengo la 0.067, ambalo halifikii hata adhabu ya mguu mmoja kukanyaga nje ya mstari. Na upande wa Hispania, akiwa kocha wa taifa, alikuwepo Emilia Boneva.

Rafiki yangu mmoja aliniambia kwa simu kwamba siku ile hakujua amlaumu nani, maana hata adui alikuwa wa nyumbani.

Mwaka 1999 Robeva akaondoka, akaenda kuunda kundi lake la ngoma za jukwaani, na shirikisho nalo likabadilisha uongozi. Hapo ndipo Urusi ilipochukua usukani na kukataa kuuachia: kundi lake lilishinda Sydney 2000, Athens 2004, Beijing 2008, London 2012 na Rio 2016. Kabla ya Rio, Bulgaria iliambulia shaba ya Athens, safari hii Athens yenyewe ya Ugiriki. Ndani ya kundi lile walikuwemo Zhaneta Ilieva, aliyekwisha kwenda Sydney, Eleonora Kezhova, Zornitsa Marinova, Kristina Rangelova, na mapacha wawili, Galina na Vladislava Tancheva. Nawapenda mapacha hao kwa sababu za kijinga kabisa: kwenye mchezo ambao makocha huhangaika kutafuta wasichana watano wenye urefu mmoja, miguu ya namna moja na hata uso unaofanana kwa mbali, Bulgaria ilizaliwa nao tayari.

Sasa niseme mtu anafikaje kwenye kundi, maana watazamaji wengi hudhani msichana huota kundi tangu utotoni. Mara nyingi sivyo. Anaanza akiwa na miaka mitano au sita kwenye klabu, Levski au Slavia au klabu ya mji wao, na ndoto yake ni kuwa Panova. Miaka kumi anacheza peke yake. Lakini Olimpiki hairuhusu nchi kupeleka zaidi ya wachezaji wawili wa peke yao. Katika nchi kama Bulgaria, wa tatu na wa nne wanaweza kuwa wazuri kuliko mabingwa wa nchi nyingine, na hawana pa kwenda. Hapo ndipo kocha anapomwita pembeni. Anayekubali anahamia Sofia kama hayupo tayari, anaingia ukumbini pamoja na wenzake asubuhi na jioni, na anajifunza upya vitu alivyodhani anavijua.

Kwanza anajifunza kurusha. Alipokuwa peke yake alijirushia mwenyewe. Kirungu kikienda kombo alikikimbilia. Sasa kirungu chake kinakwenda kwa mwenzake ambaye wakati huo amepiga goti, amempa kisogo, na ana ringi shingoni. Kirungu kina uzito wa gramu 150 tu, kikizunguka nusu mzunguko zaidi ya ilivyopangwa kinamfikia mdakaji kwa upande wa kichwa chake kinene badala ya shingo yake nyembamba. Kwa hiyo msichana hurusha kirungu kile kile, kwa mwenzake yule yule, mamia ya mara, mpaka mwenzake ajue kwa sauti ya pumzi yake kama mrusho ni mzuri. Utepe ni mbaya zaidi. Tepe tano ndani ya mita 13 hupeperuka kwa upepo wa mwili wa mtu anayepita, na fundo moja likijifunga, kilichobaki ni kijiti chenye kitambaa kilichojikunja, na muziki hausubiri.

Pili anajifunza kutokung'aa. Hili ni gumu kwa mtu aliyelelewa ang'ae. Mguu wake ukipanda juu kuliko wa wenzake, ameharibu. Akitabasamu peke yake, ameharibu. Vifaa vyenyewe hubadilishwa kila baada ya muda kwa amri ya shirikisho la dunia, kwa hiyo kundi linalofahamiana kwa tepe linaweza kuamka mwaka unaofuata likiwa limepewa mipira. London makundi yalicheza mipira mitano, kisha tepe tatu na ringi mbili. Rio wakapewa tepe tano, kisha virungu sita na ringi mbili. Ukichukua mchezaji wa Kibulgaria aliyekuwepo kote kuwili, kama Mihaela Maevska au Reneta Kamberova, amejifunza mchezo huu upya zaidi ya mara moja ndani ya miaka minne, huku akiwa anazeeka kwa hesabu za mchezo wenyewe, yaani anakaribia miaka 26.

Maevska na Kamberova, pamoja na Lyubomira Kazanova, Tsvetelina Naydenova na Hristiana Todorova, ndio waliokwenda Rio. Miaka miwili kabla, Izmir, Bulgaria ilikuwa imetwaa ubingwa wa dunia, jambo ambalo lilifanya watu Sofia waanze kuota tena. Lakini Juni 2016, wiki chache kabla ya Olimpiki, mwenzao Tsvetelina Stoyanova, aliyekuwa amewekwa kando kwa sababu za afya, alianguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Sofia na kuumia vibaya sana. Alinusurika. Sina haki ya kuchimba zaidi ya hapo. Wenzake walisafiri bila yeye, wakacheza, wakamaliza wakiwa na pointi 35.766. Hispania nayo ilikuwa na pointi 35.766. Kanuni ya kuvunja sare ikaipa Hispania fedha na Bulgaria shaba, mara ya pili kwa nchi zile zile mbili kutenganishwa na kitu kisichoonekana kwa macho. Shaba ile waliitoa kwa heshima ya Stoyanova.

Baada ya Rio kundi likavunjika, kama kawaida. Aliyekabidhiwa kuunda jipya ni kocha Vesela Dimitrova, na shirikisho wakati huo lilikuwa chini ya Iliana Raeva, mmoja wa Wasichana wa Dhahabu wa Robeva. Hesabu vizazi: Shishmanova, Robeva, Raeva. Watano wapya walianza bila jina. Mwaka 2018 mashindano ya dunia yakafanyika Sofia kwenyewe, wakapata shaba kwa jumla na dhahabu ya ringi tano. Baku 2019, shaba tena, safari hii nyuma ya Urusi na Japani. Walikuwa wanapanda, na kilele kilipangwa kiwe Tokyo, kiangazi cha 2020.

Kisha korona. Kwa mwanariadha wa mbio, mwaka mmoja wa kusubiri ni mwaka mmoja. Kwa kundi, ni watano wanaotakiwa wote wakubali kusubiri, wote wabaki wazima, wote wabaki na hamu. Dyankova, mkubwa wao, angekuwa na miaka 26. Kiryakova, mdogo, 20. Mmoja tu akiondoka, kazi ya miaka minne inaanza upya, kwa sababu hakuna anayeweza kuingia kwenye nafasi ile akajua pumzi za wenzake kwa miezi michache. Hakuna aliyeondoka. Ukiniuliza mimi, hilo ni kubwa kuliko chochote walichokifanya juu ya zulia, ijapokuwa halina alama.

Tarehe 8 Agosti 2021, siku ya mwisho ya michezo, ukumbi wa Ariake ulikuwa mtupu, watazamaji hawakuruhusiwa. Jana yake Linoy Ashram wa Israeli alikuwa amewanyang'anya Warusi dhahabu ya mchezaji mmoja, na upande wa Urusi walikuwa wamewaka moto dhidi ya majaji. Wabulgaria walikuwa wameongoza mchujo. Vifaa vilikuwa mipira mitano kwa zoezi la kwanza, ringi tatu na virungu vinne kwa la pili.

Nilitazama Tanga, mapema, mjukuu wangu ananiuliza kwa nini naogopa mpira ambao hauna goli. Nilikuwa namtazama mdakaji, kama nilivyofundishwa. Kwenye mipira hakuna pa kujificha: ringi ukiidaka vibaya inazunguka, unaigeuza kuwa mtindo, mpira ukiukosa unabiringika hadi nje ya zulia na kila mtu anauona. Mipira ilirushwa kwa pamoja, ikapishana hewani, ikashuka, na kila mmoja ukatua kwenye mwili ambao ulikuwa tayari umegeukia kwingine, chini ya miguu, nyuma ya mgongo, bila mtu kuitazama. Haukutoka hata mmoja.

Jumla ilikuwa 92.100. Kundi la Urusi, lililocheza bila bendera ya taifa kwa jina la kamati yake ya Olimpiki, lilipata 90.700, Italia 87.700. Miaka 37 tangu Los Angeles, Bulgaria ikawa na dhahabu yake. Ikaongezeka kwenye nyingine mbili ambazo nchi ile ilizipata Tokyo, ya Stoyka Krasteva kwenye ndondi na ya Ivet Goranova kwenye karate. Medali zote sita za Bulgaria kwenye michezo ile zililetwa na wanawake.

Watano hao hawakwenda tena pamoja kwenye mashindano ya dunia. Yale ya Kitakyushu, miezi miwili na nusu hivi baadaye, yaliwapita. Walikuwa wamechoka, wana mifupa ya kuuguza, shule za kumalizia, na maisha ambayo walikuwa wameyaahirisha tangu utotoni. Dimitrova akaanza na wengine. Septemba 2022, Sofia, kundi lake jipya likawa bingwa wa dunia mbele ya watu wa nyumbani, Urusi ikiwa imezuiwa kushiriki kwa sababu ya vita vya Ukraine.

Paris, Agosti 2024, mambo yakageuka tena. Boryana Kaleyn, mchezaji wa peke yake, alitwaa fedha nyuma ya Darja Varfolomeev wa Ujerumani, medali ya kwanza ya Bulgaria kwa mchezaji mmoja tangu ile ya Dunavska wa Seoul. Kesho yake likaingia kundi, na ringi tano, kisha tepe tatu na mipira miwili. China ikashinda, Israeli ya pili, Italia ya tatu. Bulgaria ikashika nafasi ya nne.